Ghushi Katika Vipodozi, na Haki ya Mwenye Kudhurika

Amma baad. Katika darsa yetu hapa Eldoret, mji ambao wazee waliuita Sitini na Nne, mama mmoja alileta suali. Binti yake, miezi michache kabla ya arusi, alinunua krimu ya kung'arisha uso katika duka moja la mjini. Mwezi wa kwanza uso ulinawiri na wenziwe wakamsifu. Mwezi wa tatu ngozi ikawa nyekundu, ikawasha, kisha ikatoka mabaka meusi ambayo mpaka leo hayajaondoka. Juu ya kopo hapakuandikwa kilichomo ndani wala madhara yake. Muuzaji alipoulizwa alijibu, "Kila mtu na ngozi yake." Mama akatuuliza: Je, huu ni msiba wa kusubiriwa tu, au ni haki ya kudaiwa?

Twajibu kwamba ni msiba, na kusubiri ni wajibu. Lakini kusubiri hakuondoi haki.

Asili ya jambo hili yajulikana. Katika Sahihi Muslim imepokewa khabari ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono ndani yake, vidole vikakuta umaji. Mwenye mali alitoa udhuru kuwa ni mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimlaumu kwa kuuficha umaji chini ya kikavu, na akamwonya kuwa mwenye kughushi hayumo katika umma wake. Basi zingatia, ewe msomaji: kosa halikuwa kasoro yenyewe, bali kuificha. Juu ya asili hii mafakihi wamejenga mlango mzima waliouita khiyari ya aibu. Mnunuzi akigundua katika bidhaa aibu iliyokuwapo kabla hajaipokea, naye hakuijua, ana haki ya kuirudisha na kurejeshewa thamani yake. Ikiwa hivyo ndivyo hukumu ya chakula kilicholowa, itakuwaje hukumu ya sumu ipakwayo usoni?

Wala sisi hatutumii neno sumu kwa kutia chumvi. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 60 wazima waliovimba miili kwa maradhi ya figo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki huizuia ngozi isitengeneze rangi yake. Lakini haikomei kwenye ngozi, hupenya ikaingia damuni na kuzidhuru figo. Tena mja mzito humfikishia mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni nayo, ikitumiwa kwa muda mrefu, huweza kuleta mabaka meusi mazito kuliko yale yaliyokimbiwa; na krimu za steroidi huidhoofisha ngozi ikawa nyembamba. Kwa ajili hiyo Shirika la Viwango la Kenya limekataza vipodozi vyenye vitu hivi. Na mapatano ya mataifa yaliyoitwa kwa jina la mji wa Minamata wa Japani, yaliyopitishwa mwaka 2013, yaliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kusafirisha vipodozi vyenye zebaki iliyozidi sehemu moja katika milioni. Pamoja na hayo yote, makopo yangali yakiuzwa.

Huenda mtu akasema: "Huyu binti amejitakia. Nani alimwambia aichukie rangi aliyoumbwa nayo?" Twasema: nasaha hiyo ni ya haki, nasi twaitoa kila siku, hasa kwa mama na mashangazi wanaomtazama bibi arusi wakauliza mbona hakung'ara. Lakini makosa ya mnunuzi hayamhalalishii muuzaji khiyana. Binti alikubali kung'arishwa uso. Hakukubali kutiwa sumu, kwa kuwa hakuambiwa. Ridhaa ya asiyeambiwa si ridhaa.

Sasa tuitazame njia ya kudai. Mtu mmoja aliyedhurika kwa kopo la shilingi mia tatu hushindwa kumkabili tajiri, kwani gharama ya kesi yapita mara nyingi thamani ya kopo. Tajiri alijua hilo, na kwa hilo akajiamini. Dawa yake ni waliodhurika kwa sababu moja wakusanye madai yao katika kesi moja. Mfano ulio wazi ni wa Marekani. Wanunuzi wa dawa ya kuoshea nywele iitwayo WEN walilalamika kwamba nywele zao zikikatika na kupukutika, na ngozi ya kichwa ikiwawasha. Mwaka 2016 idara ya serikali inayosimamia vyakula na dawa ilieleza kuwa yenyewe imeletewa khabari 127 za madhara, kisha ikatambua kwamba wenye bidhaa wenyewe walikuwa wamepokea malalamiko zaidi ya 21,000. Sheria ya wakati ule haikuwalazimisha kuyapeleka serikalini. Washtakiwa walikana makosa, lakini mwaka 2017 mahakama iliidhinisha sulhu ya dola zaidi ya milioni 26. Aliyenunua tu alipewa nafasi ya kudai hadi dola 25, na aliyeumia hadi dola 20,000 kwa ushahidi wake. Mwishoni mwa mwaka 2022 ikapitishwa sheria mpya inayomwajibisha mwenye bidhaa kupeleka serikalini khabari za madhara makubwa katika muda wa siku 15 za kazi. Hii ndiyo faida ya watu kusema kwa pamoja.

Je, Kenya mlango huu upo? Naam, upo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora wa kutosha, haki ya kupewa maelezo, haki ya kulindwa afya yake, na haki ya kulipwa fidia akidhurika kwa kasoro ya bidhaa. Kifungu cha 22 chamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya kundi zima. Na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 yawaruhusu wanunuzi kushtaki kwa pamoja. Mahakama Kuu iko papa hapa Eldoret. Hatuna udhuru wa umbali.

Basi aliyedhurika na afanye haya. Kwanza, aache kutumia, lakini kopo asilitupe, wala risiti, kwani ndizo shahidi wake. Pili, aende hospitali akapimwe na kuandikiwa. Tatu, apeleke khabari kwa Shirika la Viwango. Nne, awatafute wenziwe waliodhurika kwa bidhaa ile ile. Tano, amwone wakili upesi, maana madai ya kuumizwa mwili kwa uzembe kwa kawaida hufungwa baada ya miaka 3.

Limebaki onyo, nalo ni kwa pande zote mbili. Sulhu ni kheri, na mwenye haki akipenda kusamehe, ana ujira wake. Lakini sulhu isiwe ya kununua kimya, bidhaa ikabaki rafuni ikamdhuru mwengine. Naye mdai asiseme uwongo. Asiyenunua akadai kuwa alinunua, au asiyeumia akadai kuwa aliumia, huyo naye amelowesha rundo la chini na kulifunika kwa kikavu. Na wafanyabiashara wetu Waislamu, wanaopakua krimu kutoka mtungi mkubwa wakaitia katika vikopo visivyo na jina, wajue kwamba faida ile hawaichumi kwa halali, hata wakiitolea sadaka.

Kwa yule mama twasema: usione haya kusimama, maana anayepasa kuona haya ni aliyeficha. Katika darsa ile ile, alipokwisha kusema, wanawake wengine wawili walifungua mikoba yao wakatoa kopo lile lile. Kundi limekwisha patikana. Tumuombe Mwenyezi Mungu awape shifaa, na atupe sisi ulimi wa kusema kweli sokoni kama tuusemavyo msikitini. Amin.