Pleti namba ya pembeni: kadibodi kwanza, drili baadaye

Wadogo zangu wa Nanyamba, malipo ya korosho yakishaingia, maswali ya magari huwa hayakauki kwenye kona hii. Safari hii kijana kaniandikia kwamba kanunua Crown. Anataka pleti namba ya mbele itoke katikati ya bampa ihamie kona ya kushoto, na fundi ameahidi kumtengenezea nyingine "kali" ya 3D. Mama yake anasema huo ni uhuni. Fundi anasema ni kazi ya nusu saa.

Mdogo wangu, hapo kuna mambo mawili, na la 3D ndilo litakalokuponza. Achana nalo. Namba ya gari ni ya TRA, na rangi yake ina maana: njano yenye maandishi meusi ni gari binafsi, nyeupe ni la biashara. Zile herufi zilizovimba hubandikwa kwa gundi. Jua likizipiga, na gari likitikisika kwenye vumbi la huku kwetu, moja hubanduka, na hapo unaendesha gari lenye namba isiyo yako. Polisi wa usalama barabarani wameshazipiga vita, na wana haki. Mtu akimgonga mtoto akakimbia, namba ndiyo itakayomtaja.

Ukitaka jina lako lisomeke mbele ya gari, njia halali ipo. TRA hutoa namba binafsi. Ada yake ilipandishwa mwaka 2016 kutoka shilingi milioni 5 hadi milioni 10, nayo hulipwa kila baada ya miaka 3. Mimi kwa fedha hiyo ningeezeka nyumba kwanza, ila aliye nayo halaumiwi.

Sasa kuihamisha pleti. Mwambie mama si uhuni, maana kuna magari yaliyotoka kiwandani hivyo. Alfa Romeo 156 ya Italia, iliyoanza kuuzwa mwaka 1997, ina shoo ya mbele yenye umbo la ngao inayoshuka hadi kwenye bampa, kwa hiyo pleti ikasogezwa kando isiizibe. Mitsubishi Lancer Evolution nazo utaziona na pleti pembeni, kwa kuwa nyuma ya uwazi wa bampa imekaa intakula ya turbo inayotaka upepo. Crown nyingi za mitaani hazina intakula hapo mbele, kwa hiyo wewe unafuata urembo tu. Urembo nao ni sababu, mradi ujue unachokigharamia.

Shida iko kwenye mkunjo wa bampa. Pleti ya Japani ina upana wa milimita 330 na kimo cha 165, na matundu yake ya skrubu yameachana milimita 210. Bampa la Crown lilichongwa kwa ajili ya hiyo. Pleti yetu ndefu ya mbele ni pana zaidi. Katikati inakaa, lakini ukiisogeza kona, bampa linarudi nyuma na ncha ya nje inabaki hewani. Mafundi wengi hapo huikunja ifuate bampa. Usikubali. Pleti iliyokunjwa haisomeki kwa mtu aliyesimama mbele, na usiku mwanga wa taa haurudi sawasawa.

Kwa hiyo kata kadibodi yenye ukubwa uleule wa pleti yako, andika namba kwa kalamu nene, ibandike kwa selotepu pale unapopataka. Rudi nyuma hatua kumi na tano, uitazame ukiwa mbele, kisha ukiwa kushoto, kisha kulia. Kama kuna upande ambao herufi ya mwisho inapotea, hapo si mahali pake. Kushoto umechagua vizuri, maana sisi tunaendesha kushoto na askari husimama ukingo huohuo. Mwoneshe huyo askari kadibodi yako na umsikilize kabla bampa halijatobolewa.

Akikuruhusu, mwambie fundi akuwekee kipande cha bati gumu nyuma ya pleti ili isimame wima na kunyooka. Kabla ya drili achungulie nyuma ya bampa. Magari mengi huficha tangi la maji ya waipa, honi na waya za taa kwenye kona hizo, na gari lenye sensa za kuegesha lina vijicho ambavyo havitakiwi kuzibwa. Afunge utepe kwenye ncha ya drili ili isizame kupita kiasi. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu ukishazoea kushuka Mtwara na Mikindani, upepo wa chumvi utazila za kawaida na michirizi ya kutu itashuka juu ya njano. Weka na wosha za mpira, maana mawimbi ya barabara ya vumbi hulegeza kila kitu.

Pleti ikidondoka njiani, usichonge nyingine gereji. Chukua ripoti ya upotevu polisi, kisha nenda TRA.

Ukimaliza kupima, niandikie ncha ya nje imebaki na nafasi kiasi gani kutoka kwenye bampa. Ikiwa ni zaidi ya upana wa vidole vinne, nitakushauri uiache katikati, kwani bodaboda ya kwanza itakayokupita karibu itaondoka nayo.