Vidole Kwenye Piano, Macho kwa Mwewe

Wadogo zangu, leo mnivumilie. Barua ninayoijibu ni moja tu na imekula ukumbi mzima. Imetoka Mnarani, Kilifi, kwa mwalimu wa miaka 49. Alipokuwa msichana alifundishwa piano kanisani, akaiacha alipoolewa, na sasa watoto wamekua anataka kuirudia. La pili: jioni hukaa ukingoni mwa hori akitazama mwewe, kwazi na kila ndege mwenye kucha kali. Wanawe wanamwambia umri huu ni wa kufuga kuku wa mayai, si wa kuhesabu mwewe. Shemeji naye ametia chumvi kwamba mtu mzima anayekodolea macho angani ana lake jambo. Anauliza, "Dada, nina kasoro?"

Huna kasoro, mdogo wangu. Unapenda vitu viwili visivyoingiza shilingi, na siku hizi kwetu hata mnazi wa uani huulizwa umeangua nazi ngapi. Usijaribu kuwashinda wanao kwa hoja ya faida. Ukianza kujitetea kwamba piano husaidia kumbukumbu, au kwamba ndege huleta watalii, umeshakubali kuwa jambo halina ruhusa mpaka lilete kitu. Waambie "napenda," kisha unyamaze. Na akitokea wa kukushauri ufungue darasa la piano sebuleni, mwambie baadaye. Anayelipa ndiye atakayechagua wimbo, nawe ndiyo kwanza unavitafuta vidole vyako.

Miaka uliyoiacha piano usiililie. Hapo jirani, Ethiopia, alikuwako mtawa aitwaye Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou. Alizaliwa Addis Ababa mwaka 1923, akapelekwa Uswisi angali mtoto, na huko ndiko alikojifunza fidla na piano. Baadaye akasoma muziki Kairo. Akapata nafasi ya kwenda kuendelea London, ruhusa ikakataliwa. Basi akaupa muziki kisogo, akaingia utawani katika milima ya Gishen, akaishi huko kiasi cha miaka kumi, pekupeku. Piano aliirudia. Santuri yake ya kwanza ilitoka mwaka 1967, lakini ulimwengu ulimjua hasa baada ya 2006, kazi zake zilipotolewa upya, naye amepita miaka 80. Alifariki Jerusalem mwaka 2023 akiwa na miaka 99, na katika chumba chake kidogo cha kitawa piano ilikuwamo. Sikwambii nawe utatoa santuri. Nakwambia pengo lako si refu kama unavyolipima.

Sasa kazi yenyewe. Vidole hukumbuka, ila hukumbuka kwa kiburi: vitataka kuanzia pale pale vilipoachia, na haviwezi. Anza chini kabisa ya kiwango chako cha zamani, mkono mmoja kwanza, polepole mpaka uone haya. Dakika ishirini kila siku zitakufaa kuliko saa tatu za Jumamosi zinazokuacha na maumivu ya kifundo. Kifundo kikiuma, simama. Kikiendelea kuuma baada ya siku kadhaa, nenda kwa daktari, usipakwe mafuta na kila jirani.

Kwa kuwa ulilelewa kanisani, naamini solfa unaijua. Hiyo ni mali, sikio lako linajua tayari fa inakotaka kwenda. Lakini solfa ya kwaya ilikuzoesha kufuata mstari wako mwenyewe, na piano inataka usome mistari miwili kwa pamoja, na hapo ndipo wengi hukwama. Njia ninayoipenda mimi ni hii. Tafuta kitabu cha nyimbo chenye noti za sauti nne. Mwanzo piga soprano kwa mkono wa kulia na besi kwa wa kushoto, basi. Mikono ikitulia, ongeza alto. Tena ikitulia, tia tenor. Wimbo mmoja utakuchukua mwezi, na mwisho wa mwezi utasikia sauti zinavyopishana ndani ya wimbo uliouimba tangu utotoni bila kujua umebeba nini.

Wapenzi wa taarabu msinune, najua mpo, Malindi ndiko alikotoka Juma Bhalo. Nyimbo zenye mahadhi ya Kihindi piano itazipokea nyingi. Za mahadhi ya Kiarabu zina sauti zinazokaa kati ya kibao kimoja na kinachofuata, na piano haina mahali pa kuziweka. Udi unazo, fidla inazo. Ukiona wimbo unakataa kukaa, usidhani sikio lako limeharibika.

Chombo cha kununua? Kama huna, chukua kinanda cha umeme. Piano ya mbao ina nyaya zaidi ya 200 za chuma zilizovutwa kwa nguvu nyingi, na hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma. Unyevu wa masika huvimbisha mbao, kiangazi hukausha, na sauti hazikai. Tafuta kinanda chenye vibao 88 vyenye uzito unaoshabihi wa piano halisi. Pesa zikipungua, vibao 61 vitakutosha kwa kuanzia, mradi ukibonyeza kwa nguvu sauti iongezeke na ukibonyeza taratibu ipungue. Usikiweke mkabala na dirisha la upande wa bahari. Ukimaliza, kifunike kwa leso. Na vaa spika za masikioni usiku. Majirani hawana deni lako.

Ndege sasa, na hapa nitakaa, maana nakuonea wivu kwa mahali unapoishi. Watazamaji wa ndege wengine hudamka gizani. Wewe huna haja. Ndege wakubwa wa kuwinda hupanda juu kwa hewa moto inayoinuka kutoka ardhini, na hewa hiyo haiinuki mpaka jua lichome kidogo, saa tatu hivi, saa nne ya asubuhi. Kwa hiyo Jumamosi piga piano yako kungali baridi, kunywa chai na mahamri yako, ndipo utoke.

Angalia mkia kwanza. Mwewe wetu wa kawaida mkia wake una panda, naye huupinda huku na huku kama usukani wa jahazi. Pungu mkia ni mfupi mno, akiruka hata miguu huupita. Kwazi ana kichwa na kifua cheupe juu ya mwili wa kahawia na mabawa meusi, na huhitaji kumwona, kelele zake zitakufikia ng'ambo ya hori. Ukimwona ndege mweupe kwa chini, mwenye utepe mweusi kupita jichoni, anasimama hewani akipiga mabawa juu ya maji ya hori la Mida kisha anajitupa miguu mbele, huyo si kwazi. Huyo ni mgeni wa kutoka kaskazini, na chakula chake karibu chote ni samaki.

Darubini nunua ya kukuza mara nane. Wauzaji watakutajia ishirini, thelathini. Zikikuza hivyo mkono hauwezi kuzituliza, utaona mtetemo tu. Na uwe na daftari. Tarehe, saa, upepo, ulichokiona. Leslie Brown, aliyekuwa afisa wa kilimo hapa Kenya zama za ukoloni, alipopelekwa Embu alianza kufuatilia viota vya tai katika kilima kimoja, huku kazi ya serikali ikiendelea. Hakuiacha habari hiyo. Mwaka 1968 yeye na Dean Amadon walitoa kitabu kikubwa juu ya tai, mwewe na kozi wa dunia nzima. Kilianzia kwenye kupanda kilima kile kile tena na tena. Wewe una hori lile lile, limekutosha.

Msimu wako mkubwa ni kaskazi inapoingia. Upepo uliokuwa ukileta majahazi ya Waarabu huja pia na kozi. Wako kozi wa rangi ya moshi wanaozaliana katika visiwa vya Oman, Daymaniyat na Fahal, wakati joto la huko limewafukuza viumbe wengine, kisha hushuka Afrika Mashariki wakielekea Madagaska. Wako kozi wadogo wa Amur wanaotoka pande za Siberia na kaskazini mwa China, wanaopumzika kaskazini mashariki mwa India, kisha wanaikata Bahari ya Hindi bila kutua. Miili yao ni midogo kama ya njiwa, nao wanapita safari hiyo kwenda kusini mwa Afrika. Mvua za vuli zikinyesha, kumbikumbi wakatoka, inua macho, maana kumbikumbi ni karamu yao. Huko India, jimbo la Nagaland, watu walikuwa wakiwanasa kwa nyavu kwa maelfu. Habari ikaenea mwaka 2012, na mwaka uliofuata wanavijiji wenyewe walikubaliana kuacha, wakaacha. Nalisema hili kwa ajili ya wale wanaodai mila haibadiliki.

Na haja ya kubadilika ipo. Mwanzoni mwa 2024 ulitoka utafiti uliopima spishi 42 za ndege wa kuwinda barani Afrika. 37 zilikuwa zimepungua. Sumu inayotegewa simba au mbwa huua tumbusi, sumu ya panya huua bundi aliyemla panya, nguzo za umeme huwaunguza wanaotua. Ukipata aliyeumia, mtie ndani ya boksi lenye giza, usimpe maji mdomoni, wapigie Shirika la Wanyamapori. Kumfuga nyumbani bila kibali ni kosa la sheria, hata kama mwanao ameshampa jina.

Hapa nataka unisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu maneno ya shemeji yako sikuyapenda. Msitu wa Arabuko-Sokoke, eneo la kilomita za mraba kama 420, unaye bundi mdogo wa ajabu, urefu hauzidi shibiri moja. Wataalamu walimgundua humo mwaka 1965, na nje ya msitu huo anajulikana sehemu chache mno, ikiwemo miguu ya Usambara kule Tanzania. Wako wa kijivu, wa kahawia na wenye wekundu. Watu huvuka bahari kumtazama. Najua utamtaka. Lakini sote tunajua bundi anasemwaje kwetu, na tunajua Kilifi kuna wazee waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine wakakimbilia kituo cha Kaya Godoma huko Ganze kuokoa nywele zao nyeupe. Mwanamke anayepita vichakani usiku akimtafuta bundi, na shemeji ameshaanza kusema "ana lake", si mzaha. Kwa hiyo usiende peke yako. Nenda kituo cha msitu cha Gede, chukua mmoja wa waongoza wageni wa msitu, wao wanajua mti anaolala hata mchana. Mwambie mwenyekiti wa mtaa unakokwenda. Mpeleke na jirani mmoja mwenye mdomo mrefu, umwonyeshe. Akirudi atalisimulia yeye, na atasimulia vizuri kuliko wewe. Shemeji naye umkalishe chini mbele ya wakubwa, umuulize alimaanisha nini. Maneno ya namna ile hayaachwi yazunguke.

Umeuliza pia kama uchague kimoja, piano au ndege, ili wasikuone umezidi. Usichague. Mfaransa Olivier Messiaen alipiga kinanda katika kanisa la Trinité, Paris, tangu 1931 hadi alipofariki 1992, na katikati ya maisha hayo alikuwa akitoka mashambani na daftari kuandika sauti za ndege kwa noti. Kati ya 1956 na 1958 akatunga vipande 13 vya piano, kila kimoja kwa jina la ndege, na humo wamo bundi na shakevale. Vipande hivyo ni vigumu, usijaribu kuvipiga mwaka huu wala ujao. Vitafute uvisikilize tu, hasa cha bundi, taa zikiwa zimezimwa na wanao wamelala.

Limebaki la mwisho. Umesema kanisa limekuahidi ile piano yao kuukuu bure, na unataka kujua uichukue au la. Nenda na tochi. Inua kifuniko, mulika nyaya: kutu kidogo si kitu, kutu ya kumomonyoka ni maiti. Bonyeza kila kibao, kimoja kimoja, uhesabu visivyorudi juu. Tazama vinyundo, kama kitambaa chake kimeliwa na nondo. Kisha gonga mbao za nyuma na chini kwa kidole. Zikitoa sauti ya uwazi, mchwa walishafika kabla yako. Jua pia kwamba fundi wa kuweka sauti huenda ukamtoa Mombasa au Nairobi, na nauli ni yako. Ikifaulu yote, ita vijana sita na mkokoteni. Ikifeli, mshukuru mchungaji kwa heshima na umwambie aendelee kuiwekea maua.