Somo la ufundi: Mashine ya michezo haitoi picha ao sauti. Tutafute wapi?



Wakati wa mapumziko wengi wetu tunacheza mashine ya michezo nyumbani, zaidi sana PlayStation 2, ambayo Sony ilianza kuuza mwaka 2000 na ambayo ingali inafanya kazi katika nyumba nyingi. Mara nyingi inatokea hivi: taa ya mashine inawaka, lakini televizyo iko nyeusi, ao picha iko, sauti hakuna. Hapo mmoja anasema, "Mashine imekufa", na mwingine anaenda kutafuta turnevisi ili aifungue.

Tunaomba mungoje kwanza. Mashine ni ya bei kubwa, kable ni ya bei kidogo, na mara nyingi ugonjwa uko ndani ya kable ao mahali inapoingia. Mtu asiyejua kutafuta analipa fundi kwa kazi ambayo angeifanya yeye mwenyewe, ao anaharibu chombo kilichokuwa kizima.

NJIA YA PICHA NA SAUTI

Mashine inatoa umeme mdogo wa picha na umeme mwingine mdogo wa sauti. Umeme wa picha ni kama volti 1 tu, lakini prizi ya ukuta ina volti 220. Ndiyo sababu kutu kidogo ao vumbi inatosha kuuharibia njia.

Njia yake ni hii: unatoka nyuma ya mashine, pa tundu lililoandikwa AV MULTI OUT; unapita ndani ya kable; unafika ku fishi tatu; unaingia katika matundu ya televizyo. Fishi ya manjano ni ya picha. Nyeupe ni ya sauti ya kushoto, nyekundu ni ya sauti ya kuume. Kila fishi ina sehemu mbili: msumari wa katikati unapeleka umeme, na pete ya inje inaurudisha. Ni sirkwi sawa ile tunayosoma katika fizika: ikikatika mahali pamoja, kazi yote inasimama.

KANUNI YA KAZI

Fuata njia hiyo tangu mwanzo mpaka mwisho, na kila mara badilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha vitu vitatu pamoja na picha ikarudi, hautajua ni kipi kilichokuwa kibovu.

1. Angalia taa. Ku PlayStation 2, taa nyekundu maana yake mashine inangoja, taa ya kijani maana yake inafanya kazi. Kama hakuna taa hata moja, shida ni ya kurani. Fishi za rangi hazina kosa.

2. Shika telekomande ya televizyo, finya AV ao SOURCE, ngoja kidogo, finya tena. Televizyo nyingi ziko na milango miwili, mitatu. Kama kable iko ku AV 2 na televizyo inasikiliza AV 1, munaweza kungoja mpaka asubuhi bila kuona kitu.

3. Zima vyombo vyote viwili. Toa kila fishi, ipanguse na kitambaa kikavu, irudishe kwa nguvu ya kiasi huku ukiizungusha kidogo. Usivute kamba, shika fishi yenyewe.

4. Jaribu televizyo na chombo kingine, kwa mfano DVD, pa matundu yaleyale. DVD ikionyesha picha, televizyo iko nzima.

5. Azima kable ya jirani. PlayStation ya kwanza, ya pili na ya tatu zote zinakubali kable moja. Picha ikirudi, kable yako ndiyo mgonjwa. Nunua kable, acha mashine kwa amani.

MAGONJWA NA DAWA ZAKE

Sauti iko, picha hakuna. Angalia fishi ya manjano. Ku televizyo nyingi za kioo chembamba hakuna tundu la manjano. Tundu la kijani ndilo linalofanya kazi mbili. Tia manjano ndani ya kijani, kisha chagua AV ku telekomande.

Picha iko, lakini bila rangi. Kuna sababu mbili. Ya kwanza: manjano iko ndani ya tundu la kijani, lakini televizyo inasikiliza mlango wa COMPONENT, wenye kijani, buluu na nyekundu. Chagua AV. Ya pili: namna ya rangi haipatani. Mashine za Ulaya zinafuata PAL, za Marekani na Japani zinafuata NTSC. Katika inchi yetu, wakati ilipoitwa Zaire, televizyo ya Serikali ilifuata SECAM, iliyotoka Ufaransa. Televizyo ya zamani inayojua SECAM tu itaonyesha picha ya PAL kwa nyeusi na nyeupe. Kama kuna nafasi ya kuchagua, weka AUTO.

Sauti ya upande mmoja. Hapa kuna jaribio zuri. Tuseme bafle ya kushoto iko kimya. Badilishana nyeupe na nyekundu ku televizyo. Kama kimya kinahamia kuume, televizyo iko nzima, na ugonjwa uko ku kable ao ku mashine. Kama kimya kinabaki kushoto, ugonjwa uko ndani ya televizyo. Kazi ya sekunde chache inakufundisha wapi pa kutafuta, na haikuomba hata franka moja.

Ngurumo. Kama bafle inanguruma bila kuacha, mara nyingi pete ya inje haishiki vizuri. Ifinye polepole na vidole ili ikaze.

Televizyo ya HDMI tu. Lazima kisanduku cha kugeuza. Viko vya aina mbili na vinafanana: kimoja kinatoa AV kupeleka HDMI, kingine kinatoa HDMI kupeleka AV. Ukikosea, hakuna picha kabisa. Kwa PlayStation 2 nunua cha kwanza, na usisahau kukipa kurani yake ya volti 5 kwa kamba ya USB. Kwa PlayStation 3 iliyozoea HDMI na sasa imefungwa ku AV: ikiwa imezimwa na taa ni nyekundu, finya pa kuwasha bila kuachilia mpaka usikie mlio wa pili.

ANGALISHO

Usifungue televizyo ya zamani yenye kioo kinene. Ndani yake, ile ya rangi inaweza kupita volti 20 000, na nguvu hiyo inabaki hata nyuma ya kuitoa ku prizi. Inaweza kuua. Vilevile, mbele ya kufunga mashine iliyotoka Marekani ao Japani, soma volti zilizoandikwa nyuma yake ao ku transfo yake. Mashine ya volti 120 ao 100 ikiingia katika 220, itaungua. Na kurani ikikatika, toa fishi ya ukuta, maana ikirudi inaweza kurudi na nguvu nyingi.

MAULIZO

1. Kwa nini tunabadilisha kitu kimoja tu kila mara?
2. Taa ni ya kijani, DVD inaonyesha picha pa matundu yaleyale, kable ya jirani haikusaidia. Ugonjwa uko wapi?
3. Bafle ya kuume iko kimya. Fishi zikibadilishana, inabaki kimya. Tunajua nini?

Mwenye kujibu maulizo yote tatu bila kusoma tena, huyo anaweza kusaidia nyumba yao na ya jirani.