Ipime Kwanza kwenye Hamsini na Saba

Ukitoka Mbeya kwa barabara kuu ya Dar es Salaam, ukakata kilomita 78 hivi, unaingia Chimala. Kushoto kwako mashamba ya mpunga ya Usangu yamelala mpaka macho yanachoka. Kulia kuna ukuta wa milima. Kwenye ukuta huo imechongwa barabara ya vumbi inayopanda kwenda Matamba na Kitulo, na watu wanaiita Hamsini na Saba kwa hesabu ya kona zake. Hapo ndipo nilipojifunza kuchagua pikipiki, tena nilijifunza nikiwa nimeshalipa.

Nilipostaafu ualimu nilitaka kutembea. Iringa kwa ndugu, Makete kwa rafiki wa zamani, siku nyingine hata Mbamba Bay nikaone ziwa. Nikanunua pikipiki kubwa ya mtumba, injini ya 650, uzito wake unakaribia kilo 200 kabla hujafunga hata begi. Kwenye lami ilikuwa raha tupu. Wiki ya pili nikapandisha nayo Matamba, mvua ilikuwa imenyesha usiku. Kwenye kona ya ishirini na kitu nikapunguza mwendo kupisha lori la viazi, mguu wa kushoto ukatafuta ardhi ukaikosa, na chuma kikalala. Kililala taratibu kabisa, kama ng'ombe aliyeshiba. Nikajaribu kukiinua mara nne. Mwishowe vijana watatu wakashuka kwenye lori, wakakisimamisha, na mmoja akanitazama kwa huruma: "Shikamoo mwalimu. Hiki ni cha kwako kweli, au umetumwa?"

Nilikiuza kabla ya Krismasi. Tangu siku ile, swali langu la kwanza mbele ya pikipiki yoyote ni hilo tu: ikilala, nitaiinua peke yangu?

Jipime kabla ya kutoa pesa. Chimala hatukosi pumba za mpunga. Chukua gunia la pumba, liweke chini, mwombe mtu mwenye pikipiki ya aina unayoitamani akuruhusu uilaze juu ya gunia hilo. (Muuzaji wa dukani hatakubali, wala usimlaumu.) Funga bomba la mafuta, weka gia ya kwanza ili isiteleze, na kama imelalia upande wa kulia, shusha stendi ya pembeni mapema isije ikapitiliza na kuangukia upande wa pili. Usukani ugeuze mpaka mwisho kuelekea upande uliolala. Kisha ipe mgongo, chuchumaa makalio yakiwa kwenye siti, mkono mmoja ushike usukani wa chini, mwingine ushike keria au chuma cha fremu, usukume kwa miguu huku ukirudi nyuma hatua fupi fupi. Mgongo usiinue kitu. Ukiweza mara mbili mfululizo bila kuhema kama umekimbizwa, pikipiki hiyo ni saizi yako. Ukiweza mara moja kwa kukunja uso, kumbuka kwamba mlimani utakuwa na koti zito, tope, na njaa.

Sasa tuzungumze kilo. Boda ya kawaida ya injini ya 125 au 150, zile Boxer na TVS zilizojaa kila kijiwe kuanzia Igurusi mpaka Makambako, ina kilo 110 hadi 130. Zile za mguu mrefu walizozoea mabwana shamba, kama Honda XL125 na Yamaha AG200, hazipishani nazo sana. Ukienda juu kidogo unakutana na Honda CRF250L, kilo 144, ambayo kwa injini yake bado ni nyepesi. Kuanzia hapo uzito unapanda haraka kuliko raha. Mwaka 2007 waigizaji wawili wa Uingereza, Ewan McGregor na Charley Boorman, walikatiza nchi yetu wakielekea Cape Town kwa BMW R1200GS Adventure, dude la kilo karibu 250 bila mizigo. Watu wengi wakiona picha kama zile wanadhani bila dude la namna hiyo safari haiendi. Lakini wale walikuwa na magari ya msaada na watu wa kuwainua. Mwingereza mwenzao, Lois Pryce, alitoka London mpaka Cape Town kwa Yamaha TTR250, na tope la Kongo alilipita.

Uzito wenyewe una mahali unapokaa. Lita moja ya petroli ni kama robo tatu ya kilo, na tangi liko juu, kifuani kwako. Tangi likijaa pikipiki inabadilika tabia. Mzigo wa keria ndio mbaya zaidi. Begi la kilo 15 likifungwa juu kabisa nyuma ya taa, usukani unakuwa mwepesi, tairi la mbele linaelea kwenye changarawe, na kila kona unahisi mtu anakuvuta shati. Gawa mzigo mara mbili, uning'inize pande zote mbili chini ya siti karibu na mapaja ya abiria, vitu vizito kama spana na tyubu viwe chini mbele. Juu ya keria weka sweta na blanketi.

Wapo watakaoniambia: mwalimu, pikipiki nyepesi barabara kuu inapeperushwa. Ni kweli, na sitaki kuficha. Barabara hii inabeba malori ya Zambia na Kongo usiku na mchana, na basi likikupita kwa kasi upepo wake kwanza unakusukuma nje, halafu unakuvuta ndani. Mtu mwenye 125 anausikia vizuri zaidi ya mwenye 650. Dawa yake ni kulegeza mikono. Ukiubana usukani, kila msukumo wa mwili wako unaupeleka kwenye tairi. Bana tangi kwa magoti, inama kidogo, viwiko vilegee, uiache pikipiki icheze yenyewe, itarudi. Na basi likija kukukabili upande wako, wewe mwenye kilo 120 unashuka ukingoni kwenye majani na kupanda tena. Mimi na chuma changu cha kilo 200 nilikuwa naogopa ule ukingo kuliko basi.

Ila nyepesi isiwe dhaifu. Kutoka Chimala mpaka Iringa ni kilomita kama 250, na ukishapita Makambako kuna vilima virefu vinavyokula nguvu polepole. Injini ya 100 itakufikisha, lakini utakuwa umeikaba saa zote, na kelele yake itabaki masikioni mpaka usiku. Kwa mtu mmoja na begi, 125 nzuri inatosha. Kwa wawili, chukua 150 au 200. Kipimo changu: iweze kukaa kilomita 70 kwa saa kwenye mlima wa lami huku eksileta ikiwa bado na nafasi ya kufunguka. Zaidi ya hapo sioni faida, maana kila kijiji kina kibao cha 50 na trafiki mwenye tochi nyuma ya mti.

Mwinuko nao una hesabu yake. Kila ukipanda mita 1,000, injini isiyo na turbo inapoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Kitulo iko juu ya mita 2,600. Boda yenye nguvu za farasi 12 pwani, kule inabaki na tisa hivi. Kama ni ya kabureta, mafuta yanazidi hewa: inakohoa, inatoa moshi mweusi, plagi inakuwa na masizi. Kwa safari ya siku moja safisha tu chujio la hewa kabla hujapanda, ubebe plagi moja ya akiba. Kama unahamia kule, fundi akuwekee jeti ndogo. Asubuhi za Juni na Julai kule ni barafu kwenye majani, kwa hiyo hakikisha choki inafanya kazi na kiki haijaliwa meno. Stata ya umeme pekee usiiamini.

Kiti ndicho wanunuzi wengi wanakipuuza, ilhali ndicho kinachoamua kama utafika Mafinga ukitembea au ukichechemea. Siti za boda zimetengenezwa kwa safari za kutoka sokoni kwenda hospitali. Sponji yake ni laini, dukani inakufurahisha, na baada ya kilomita 60 imekufa, umekalia bati. Nenda kwa fundi siti na ombi mahususi: chini aweke sponji ngumu, ile inayogoma ukiibonyeza kwa kidole gumba, juu yake safu nyembamba laini, na uso wa kiti uwe bapa ili usogee mbele na nyuma. Siti yenye bonde inakushika mahali pamoja saa nne, damu inagoma. Nililipa kiasi kidogo kuliko bei ya tairi, na hakuna pesa niliyotumia kwenye pikipiki iliyonirudishia zaidi.

Kaa juu yake ikiwa imesimama wima, funga macho, nyoosha mikono ulivyozoea kushika mpini wa jembe. Ukifumbua macho, usukani uwe hapo hapo. Ukilazimika kuinama, viganja vitabeba kifua chako njia nzima na vidole vitakufa ganzi. Ukilazimika kuunyanyulia mikono, mabega yatalia. Mara nyingi huhitaji pikipiki nyingine, ni kulegeza bolti mbili na kuuzungusha usukani kidogo. Magoti yasikunjike kama umechuchumaa. Simama juu ya vikanyagio: kama unaweza kusimama bila kujivuta kwa mikono, kwenye matuta na mawe utapumzisha uti wa mgongo.

Urefu wa siti ni jambo la pili la mwili. Ile CRF niliyoisifu siti yake iko sentimita 87 na nusu kutoka chini. Mimi si mrefu. Nikiipanda nasimama kwa ncha za vidole kama mtoto anayechungulia dirishani. Boda ya kawaida ina 80 hivi, na nyayo zote mbili zinagusa. Mtu wa miguu mirefu atasema kinyume, na atakuwa sahihi kwa miguu yake.

Halafu gia. Nyingi za boda zina gia nne; ukiipata yenye ya tano, ongeza pesa uichukue, injini itapumua kwenye lami na mtikisiko utapungua mikononi. Kama ni nne, fundi anaweza kukufungia sproketi ya mbele yenye jino moja zaidi. Lami itakuwa tamu, ila Hamsini na Saba utaijutia, kwa sababu gia ya kwanza itakuwa ndefu na klachi itanuka. Mimi nimebaki na sproketi ya kiwandani. Anayeishi Mafinga na hapandi milima ya vumbi angefanya vingine.

Kushuka ni hatari kuliko kupanda. Vijana wetu wanapenda kuzima injini na kuteremka frii ili kubana mafuta. Kwenye kona zile, au Mlima Kitonga wenye foleni ya malori, hiyo ni kuacha breki za ngoma zibebe uzito wote mpaka zipate moto na kugoma. Shuka na gia uliyopandia, injini ikushike, breki iwe ya kusahihisha tu. Hapa tena nyepesi inakuhurumia, haina uzito mwingi wa kukusukuma.

Mafuta na spea sitakaa nazo sana. Tangi la Boxer ya 150 ni lita 11, na kwa kilomita 40 za uhakika kwa lita unafika Iringa na akiba. Ukipanda Kitulo jaza sheli ya Chimala, achana na mafuta ya chupa. Beba tyubu moja, pampu, waya wa klachi, plagi, na spana za saizi za pikipiki yako. Kitu kingine chochote cha Boxer au TVS utakipata Igurusi, Rujewa au Makambako, na fundi atakayekifunga hahitaji kusoma kitabu. Nilisubiri pedi za breki za lile la 650 siku 19 kutoka Dar es Salaam.

Kabla ya kununua, kodi boda ya mtu unayemfahamu siku nzima, ya aina hiyo hiyo. Nenda nayo Makambako na kurudi, karibu kilomita 200, na kesho yake asubuhi usikilize mwili kabla hujashuka kitandani. Kama una mwenza atakayepanda nyuma, mpeleke pia, na kikanyagio cha abiria kiwe mbali na bomba la moshi.

Mwenza wangu, Mama Neema, nilimpakia kwenye 150 niliyotaka kuinunua, tukapanda kona zote hadi Matamba, tukanywa chai, tukanunua debe la viazi ambalo sikujua tutalifunga wapi. Tulipofika nyumbani jioni alishuka, akajinyoosha, akaishika keria na kuitikisa kidogo kama anayepima mbuzi mnadani.

"Hii," akasema, "hata ukianguka nitaiinua mimi."

Kesho yake nikaenda kulipa.