Dondoo Muhimu: Maji ya Kunywa Siku ya Mahafali

Kamati ya mahafali ya shule ya sekondari aghalabu hushughulika juma zima na turubai, vipaza sauti na pilau, na maji ya kunywa yakaachwa hata alfajiri ya siku yenyewe, ilhali wageni 300 watakaokaa toka asubuhi hadi alasiri, kila mmoja akinywa lita 2, watahitaji lita 600. Basi jambo hili na litangulizwe kabla ya mapambo.

Maji ya kisima au ya mvua yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kwa maana tope huidhoofisha dawa, ndipo yatiwe klorini kwa kadiri iliyoandikwa kwenye pakiti na kuachwa dakika 30 kamili. Au yachemshwe, yatokote dakika 1, na kwenye nyanda zilizopita mita 2,000, dakika 3.

Lakini hatari kubwa huja baadaye. Maji yaliyosafishwa kwa taabu yote hiyo humiminwa katika ndoo iliyo wazi, kikombe kimoja cha bati kikielea juu yake, na kila mkono unaokizamisha, hata wa mtoto aliyetoka msalani bila ya kunawa, huweza kuyatia maradhi upya, na kipindupindu ni miongoni mwake. Tafadhalini, azimeni mapema ndoo zenye kifuniko na bomba, na sabuni iwekwe penye mlango wa msala kabla mgeni wa kwanza hajawasili.