Kabla ya kuita waombaji: vidokezo kwa juri ya usaili wa kazi, Kavumu

1. Msianze na mahubiri. Asubuhi ya usaili huwa tunaambiana: "Jamani, tusipendelee, tusiwe wapole mno." Mwaka 1980, Bernardin na Pence huko Marekani walionyesha kwamba mafunzo ya namna hiyo hubadilisha mtindo wa kugawa pointi, lakini usahihi unaweza kushuka. Anayeogopa kuonekana mpole huanza kubana hata wanaostahili.

2. Pimeni mtu mmoja, nyote. Hapa ndipo penye kazi. Mwenzenu ajifanye anaomba uuguzi kwenye kituo cha afya. Mwulizeni: "Mama ameleta mtoto mwenye homa kali, na dawa zimekwisha. Utafanyaje?" Kila mmoja aandike pointi zake kimya, bila kuchungulia, kisha mzifunue kwa pamoja. Mmoja ametoa 2, mwingine 5? Vizuri sana, bishaneni! Ila kila mtu ataje maneno aliyoyasikia. "Nimemwona ni mtu wa maana" si ushahidi. Leteni wa pili, wa tatu, hadi mpishane kwa pointi moja tu.

3. Andikeni mapema jibu la pointi 1 likoje, la 3 na la 5.

4. Kifaransa kisibebe kila kitu. Mwaka 1920 Edward Thorndike alionyesha kwamba maofisa wa jeshi la Marekani wakimsifu askari kwa jambo moja, basi wanamsifu kwa yote: umbo, akili, uongozi, hata tabia. Kwetu, anayetiririsha Kifaransa hupewa pointi hata za uvumilivu. Kama kazi ni kufundisha wakulima wa Miti na Katana, sehemu ya usaili iwe kwa Kiswahili au Kimashi.

5. Maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule. "Wewe ni mtoto wa nani?" halimo.

6. Shemeji yako yumo kati ya waombaji? Toka chumbani. Kutangaza undugu kisha ukabaki kitini ni mchezo wa kuigiza.

7. Aliyetoka Bukavu kwa pikipiki, kilomita kama 30, apewe maji na dakika chache za kujipangusa. Vumbi halina pointi.

8. Mchana juri huchoka na kipimo huteleza. Baada ya chakula, someni upya majibu ya wawili wa asubuhi na kuyapima tena bila kuangalia pointi za kwanza. Zikipishana sana, wa mchana wasubiri kidogo mlangoni huku mkilinganisha kipimo upya.