Historia ya Mama Zetu Isomwe

Kila tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, hatukosi nyimbo wala vitenge. Ni vema, lakini sherehe isiyo na somo ni mvua ya rasharasha: vumbi hutulia, mizizi hainywi. Basi twawaalika wasomaji wetu wasome vitabu vya namna tatu.

Kwanza, kilichotungwa na mwanamke mwenyewe. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, wa kisiwa cha Pate, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha. Si lazima tukubali kila shauri lake juu ya ndoa; yatupasa tujue kwamba kalamu haikuwa ya wanaume peke yao.

Pili, kilichoandikwa juu ya mwanamke. Mwaka 1958 ulitoka Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika ufukara, akauza vyungu; mwaka 1928 sauti yake ilinaswa katika santuri huko Bombay. Asomaye na aulize: hapa asemaye ni Siti, au mwandishi wake?

Tatu, kilichosimuliwa na mwanamke, kikaandikwa na mwingine. Mtakatifu Yosefina Bakhita wa Sudan, aliyetekwa utotoni akauzwa utumwani, alimsimulia Ida Zanolini maisha yake, na kitabu kikatoka mwaka 1931. Mwaka 2000 Kanisa lilimtangaza Mtakatifu.

Namna hii ya tatu yatuhusu hasa sisi wa Shinyanga na Geita. Katika nchi yetu vikongwe wamekatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na macho yao mekundu yakafanywa ushahidi. Kumbe wekundu ule ni historia: miaka mingi ya kupika kwa moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe, ili wengine wale. Asiyeijua historia ya bibi huizulia uongo.

Daftari peke yake halitazuia panga. Amri ya Tano na sheria za nchi zina kazi yake. Lakini kijana aliyeandika kwa mkono wake jinsi bibi alivyoivuka njaa na kuwalea yatima, atawezaje kumwita mchawi?

Enyi wazazi na makatekista, wapeni vijana daftari na kalamu, wakaketi kwa bibi zao. Kisha yaliyoandikwa yasomwe katika jumuiya, bibi mwenyewe akisikiliza, apate kusahihisha.